Nchi Jirani: Reli ya Mji Ikikodishwa, Mzigo Hubaki kwa Nani?



Katika mazungumzo yetu ya nchi jirani leo tunatazama jambo ambalo kwa juu juu laweza kuonekana ni la mainjinia na wahasibu peke yao, kumbe lagusa riziki ya maelfu ya watu wa kipato cha chini na utulivu wa miji mikubwa. Jambo lenyewe ni hili: je, yafaa serikali iyakabidhi makampuni ya watu binafsi kazi ya kuendesha treni za abiria wa mjini? Jirani zetu wa Kenya na Uganda wamelipitia jaribio hilo tangu mwanzo hadi mwisho. Nasi wenyewe tulipitia la kwetu. Kwa hiyo hatuna haja ya kubahatisha, kwani ushahidi uko mbele yetu.

Kabla ya kuingia katika habari yenyewe, yafaa tueleze kwa nini askari aitegee sikio. Reli si biashara tu. Ni njia ya kuhamisha watu wengi na mizigo mizito kwa pamoja, na kila aliyepata mafunzo ya kijeshi anafahamu kwamba kikosi kisichosafirishwa hakipigani. Kwa upande wa Polisi, treni ya mjini ikikosekana saa kumi na moja ya jioni, umati unaobaki stesheni haumwendei mkurugenzi wa kampuni wala mwanasheria aliyeandika mkataba. Humkuta askari aliyesimama pale na kirungu chake. Makosa yaliyoandikwa kwa wino ofisini huja kulipwa kwa jasho la mlinzi wa amani barabarani. Ndiyo maana askari anastahili kuelezwa mambo haya kwa ukamilifu.

Tuanze na maana. Watu husema "reli imebinafsishwa" kana kwamba ni jambo la namna moja. La hasha. Ziko njia nyingi, na tofauti kati yao ni kubwa.

Mfano mwepesi ni wa daladala. Mwenye gari anaweza kumpa dereva gari lake kwa hesabu, yaani kila jioni dereva alete kiasi walichopatana, na kinachozidi kiwe chake. Au anaweza kumwajiri dereva kwa mshahara, mapato yote yaende kwa mwenye gari, na mwenye gari ndiye aamue gari lipite wapi na saa ngapi. Au anaweza kuliuza gari moja kwa moja, akanawa mikono. Au, njia ya nne, gari na dereva vikabaki vyake, lakini matengenezo yote akampa fundi wa nje kwa mkataba wa miaka mingi.

Reli za miji zimekabidhiwa kwa njia hizo hizo nne. Kuuza kabisa ndiko walikofanya Wajapani, ambao mwaka 1987 walilivunja shirika lao la reli la taifa, wakaunda makampuni sita ya abiria na moja la mizigo. Kukodisha kwa muda mrefu, ambako ndiko kunakofanana na hesabu ya daladala, ndiko kulikofanyika Kenya, Uganda na Argentina. Kumpa mwendeshaji ujira wa kazi, huku serikali ikishika nauli na ratiba, ndiko kunakotumika katika baadhi ya njia za London. Na kumpa mtu binafsi matengenezo ya njia huku treni zikiendeshwa na umma, ndilo jaribio lililofanywa katika reli ya chini ya ardhi ya mji huo huo wa London.

Sasa, ndugu wasikilizaji, tafakarini tabia ya dereva wa hesabu. Jioni inapokaribia naye hajapata kiasi cha tajiri, huenda mbio, hujaza watu kupita kiasi, na hukatisha safari anapoona abiria ni wachache. Mwanafunzi humkimbia kwa sababu nauli yake ni ndogo. Ninyi mnaopanda daladala mkiwa na sare mmeuona mchezo huo kwa macho yenu. Tena, injini ikianza kugonga, dereva huyo hana haraka ya kuitengeneza, maana gari si lake. Si lazima awe mtu mbaya. Mapatano aliyofunga ndiyo yanayomsukuma kutenda hivyo. Kampuni iliyokodishwa reli husukumwa na mapatano yake vivyo hivyo, isipokuwa kama mkataba umeizuia waziwazi na yuko mtu wa kuusimamia.

Tukija kwenye habari ya jirani zetu, itakumbukwa kwamba reli ya Afrika Mashariki ilikuwa moja, chini ya shirika moja, mpaka Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977. Kila nchi ikabaki na kipande chake. Katika miaka iliyofuata vipuri vilikuwa haba, malori yalichukua shehena, njia zilichakaa, na madeni yakaongezeka. Kufikia miaka ya 1990 wakopeshaji wakubwa wa kimataifa walikuwa wakishauri kwa nguvu kwamba dawa ni kuyakabidhi mashirika ya umma kwa wenye mitaji. Kenya na Uganda zikakubaliana kuikodisha reli yao kwa pamoja.

Mwaka 2006 kampuni iitwayo Rift Valley Railways, ikiongozwa na Sheltam ya Afrika Kusini, ilishika reli kutoka Mombasa hadi Kampala. Mkataba wa shehena ulikuwa wa miaka 25 katika nchi zote mbili. Huduma ya abiria nchini Kenya ilipewa kipindi kifupi zaidi, cha miaka 5. Kampuni ilitakiwa kuzilipa serikali asilimia 11.1 ya mapato ya shehena, kuongeza mizigo mwaka hata mwaka, na kutia mtaji katika njia na injini.

Tazameni mpangilio huo kwa makini. Shehena miaka 25, abiria miaka 5. Hapo ndipo penye siri ya mambo. Tani ya mzigo itokayo bandarini Mombasa kwenda Kampala hulipa vizuri. Mfanyakazi wa kiwandani atokaye Embakasi kwenda katikati ya Nairobi hulipa kidogo, husafiri asubuhi na jioni tu, na behewa lake hulala bila kazi saa nyingi za mchana. Kwa daftari la mfanyabiashara, abiria huyo ni mzigo. Kwa daftari la taifa, huyo ndiye anayezungusha mashine, anayefagia hospitali, anayelinda ghala usiku. Mkataba uliandikwa kwa daftari la kwanza, na abiria akawekwa pembeni kama kiambatisho.

Matokeo yalionekana. Katika miaka ile picha za treni za Nairobi zilienea duniani, watu wakining'inia milangoni na wengine wamekaa juu ya mapaa ya mabehewa. Hawakupanda huko kwa mchezo. Walikuwa wakienda kazini, na nauli ya treni ndiyo waliyoimudu.

Kampuni yenyewe ilianza safari ikiwa na upungufu wa mtaji na ugomvi kati ya wenye hisa. Mwaka 2010 usukani ulichukuliwa na Citadel Capital ya Misri, na mwaka 2011 wakopeshaji wa kimataifa, pamoja na Benki ya Maendeleo ya Afrika, walikubali kutoa mikopo. Haki inatutaka tuseme kwamba kazi ilifanyika. Mwaka 2013 njia ya kutoka Tororo kwenda Pakwach, kaskazini mwa Uganda, ilifunguliwa tena baada ya kulala kwa miaka mingi. Mwaka 2014 zilianza kuwasili injini 20 zilizokarabatiwa kutoka Marekani. Lakini mizigo haikuongezeka kama ilivyoahidiwa, na malipo kwa serikali yakacheleweshwa. Kesi zikafuata. Mwaka 2017, baada ya miaka 11 tu kati ya 25, Kenya iliuvunja mkataba, na mwaka huo huo Uganda ikachukua hatua kama hiyo. Reli ikarudi katika mikono ya mashirika ya umma.

Lipo jambo jingine ambalo msikilizaji wa Jeshi na Polisi asiliache lipite. Mwezi Januari mwaka 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya, vijana wenye hasira waliing'oa reli katika mtaa wa Kibera, mjini Nairobi. Njia hiyo inayopita kati ya vibanda vya maskini ndiyo hiyo hiyo iendayo Uganda. Kwa mikono mitupu na vyuma vya kukong'olea, mshipa wa nchi nzima ya jirani ulikatwa, na Uganda, ambayo haina bandari, ikaona taabu ya mafuta. Je, mlinzi wa kampuni angeweza kusimama mbele ya umati ule? Hapana. Kampuni huweza kukodi reli, huweza kukodi injini, lakini haiwezi kukodi amani. Ulinzi wa njia hubaki kwa dola wakati wote, hata pale faida inapokwenda kwingine. Yeyote aandikaye mkataba wa reli bila kuhesabu gharama hiyo ameandika nusu ya hesabu.

Tena si hilo tu. Hata wakati reli ilipokuwa kwa kampuni, fedha kubwa za kuwahudumia abiria wa Nairobi zilitoka kwa umma. Stesheni mpya ya Syokimau, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba mwaka 2012, ilijengwa na serikali, na kampuni ikapewa kazi ya kupitisha treni. Huko Kampala nako, treni ya abiria kwenda Namanve ilipoanza mwezi Desemba mwaka 2015, kampuni ndiyo iliyoiendesha, lakini mamlaka ya mji ililazimika kutoa ruzuku ili nauli imudu mfuko wa mwananchi. Tunapata somo hapa: treni ya mjini haijitoshelezi kwa nauli za wanyonge peke yake. Iwe kwa umma au kwa kampuni, ni lazima mtu fulani ajazie. Kumwita mwekezaji hakuifuti gharama hiyo. Huibadilisha jina tu.

Baada ya mwaka 2017 Kenya ilinunua treni zilizotumika kutoka Hispania, ikakarabati njia na stesheni, na mwezi Novemba mwaka 2020 Rais Uhuru Kenyatta akazindua upya huduma ya treni za mji wa Nairobi chini ya Shirika la Reli la Kenya. Nako Kampala, treni ya mjini ilichukuliwa na Shirika la Reli la Uganda.

Sisi Watanzania tusiwacheke jirani, kwani mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Nasi tulinyolewa pamoja naye. Mwezi Oktoba mwaka 2007 Reli ya Kati ilikabidhiwa kwa kampuni ya ubia, ambamo RITES ya India ilikuwa na asilimia 51 ya hisa na serikali asilimia 49, kwa mkataba wa miaka 25. Mabehewa na injini vilipungua, wafanyakazi waligoma mara kadhaa wakidai mishahara yao, na mwaka 2011 serikali ikazirudisha hisa zote mikononi mwake. Ikawa mwaka uliofuata tu, tarehe 29 Oktoba 2012, wakazi wa Dar es Salaam waliona treni ya mjini kwa mara ya kwanza, moja ikienda Ubungo kwa njia ya Reli ya Kati, nyingine ikipita njia ya TAZARA. Wananchi waliipa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati ule, wakaiita treni ya Mwakyembe. Yafaa ikumbukwe kwamba treni hiyo iliendeshwa na mashirika ya umma, kwa injini na mabehewa ya zamani yaliyofufuliwa na mafundi wetu wenyewe katika karakana zetu.

Huenda msikilizaji akasema: hayo yametupata sisi kwa sababu ya umaskini wetu, lakini kwa wakubwa mambo ni tofauti. Basi twende London, penye reli ya chini ya ardhi kongwe kuliko zote duniani. Kati ya mwaka 2002 na 2003, serikali ya Uingereza iliyakabidhi makampuni mawili matengenezo ya njia, ishara na treni kwa mikataba ya miaka 30. Madereva na stesheni vilibaki kwa umma. Kutayarisha mikataba hiyo peke yake, pamoja na ada za wanasheria na washauri, kuligharimu paundi milioni 455, kabla taruma moja halijabadilishwa.

Kampuni kubwa kati ya hizo, iliyoitwa Metronet, ilikuwa mali ya makampuni matano, na kazi nyingi ikawapa hao hao wenye hisa wake. Kwa maneno mengine, mnunuzi na muuzaji walikuwa watu wa nyumba moja. Gharama zikapanda, kazi zikachelewa, na mwezi Julai mwaka 2007 Metronet ikafilisika. Lakini asilimia 95 ya deni lake ilikuwa imedhaminiwa na umma. Serikali ikatoa paundi bilioni 1.7 kuwalipa wakopeshaji. Mkaguzi wa hesabu wa Uingereza alitoa taarifa mwaka 2009 kwamba hasara ya moja kwa moja kwa walipa kodi ilikuwa kati ya paundi milioni 170 na 410. Mwaka 2010 kampuni ya pili nayo ilinunuliwa na mamlaka ya mji, na jaribio lote likaishia hapo. Wahenga wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapo London harusi iliwahusu wenye hisa, matanga yakawaangukia wananchi.

Hasara ya fedha huweza kufidiwa. Hasara ya roho za watu haifidiki. Mjini Buenos Aires, nchini Argentina, treni za vitongoji zilikodishwa kwa makampuni katika miaka ya 1990, huku serikali ikiendelea kuyapa ruzuku. Tarehe 22 Februari 2012, saa za asubuhi watu wakienda kazini, treni iliyojaa abiria iliingia stesheni ya Once, ikashindwa kusimama, ikagonga kizuizi cha mwisho wa njia. Behewa liliingia ndani ya behewa. Watu 51 waliuawa, na zaidi ya 700 walijeruhiwa. Miezi michache baadaye kampuni ilinyang'anywa mkataba. Mwaka 2015 mahakama iliwatia hatiani dereva, wakuu wa kampuni, na pamoja nao makatibu wawili wa zamani wa uchukuzi wa serikali.

Tuitazame hukumu hiyo vizuri. Mahakama haikuishia kwa dereva, wala haikuishia kwa kampuni. Ilipanda ngazi mpaka kwa viongozi waliopaswa kuisimamia kampuni. Fundisho lake ni kwamba serikali yaweza kukabidhi kazi, lakini haiwezi kukabidhi dhamana. Kamanda anayempa msaidizi wake ghala la silaha hajiondolei wajibu wa kulikagua. Silaha ikipotea, wataulizwa wote wawili.

Pamoja na hayo, hatutakuwa wakweli tukisema kwamba kampuni daima hushindwa na umma daima hufaulu. Mashirika ya umma ya Afrika Mashariki yaliuachia ufa mpaka wakahitajika wa kujenga ukuta. Uzembe, wizi wa vipuri na kuajiri kwa kujuana vilikuwepo kabla mwekezaji hajabisha hodi, na visipopigwa vita vitarudi hata baada ya yeye kuondoka. Aidha ziko nchi ambako kampuni zimeendesha treni za miji vizuri sana.

Wajapani wa Tokyo husafirishwa na makampuni ya biashara kwa usahihi wa dakika. Lakini yalipoundwa mwaka 1987, sehemu kubwa ya deni la shirika la zamani ilibakizwa kwa dola, na makampuni hayo yalirithi njia imara na abiria wengi mno. Hong Kong nayo iliuza hisa za reli yake ya mjini mwaka 2000. Lakini serikali ilibakiza takribani robo tatu ya hisa, na kampuni ikapewa haki ya kujenga majumba na maduka juu ya stesheni, hata kodi na mauzo ya majengo yakasaidia kuilipia reli. Mahali pote hapo palipofaulu, dola haikukimbia. Ilibaki mlangoni na daftari mkononi.

Na pale panapotokea ugomvi, mlango wa kutokea una bei yake. Mjini Delhi, nchini India, njia ya treni ya kwenda uwanja wa ndege ilifunguliwa mwaka 2011 chini ya kampuni binafsi. Mwaka uliofuata ilisimamishwa kwa sababu ya kasoro za ujenzi, na mwaka 2013 kampuni ikajitoa, shirika la umma likaichukua. Treni ziliendelea kwenda, lakini madai ya fidia yaliendelea mbele ya wasuluhishi na mahakama mpaka mwaka 2024, ndipo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipotoa uamuzi wa mwisho.

Kutokana na ushahidi huo wote, ndugu wasikilizaji, twaweza kuyataja maswali manne ambayo taifa lolote linapaswa kuyajibu kabla ya kusaini.

Swali la kwanza: ni nani atakayeujazia upungufu wa nauli, na kwa kiasi gani? Kama jibu ni "hakuna upungufu," basi anayelitoa hajawahi kuendesha treni ya watu wanyonge, au anaficha jambo.

Swali la pili: ni nani atakayekagua? Mali bila daftari huisha bila habari. Serikali inayokodisha reli inahitaji mainjinia na wahasibu hodari zaidi ya ile inayoendesha yenyewe, maana lazima wamjue mwenzao anayejua kazi anapodanganya. Nchi ikiwaachisha kazi mafundi wake wote siku ya kukabidhi funguo, imejitoboa macho.

Swali la tatu: abiria ameandikwa wapi? Kama idadi ya treni za asubuhi na jioni, usafi wa mabehewa, na nauli ya mwisho inayoruhusiwa havikuandikwa katika mkataba pamoja na adhabu ya kuvivunja, basi abiria amesahauliwa, na aliyesahauliwa hupanda juu ya paa.

Swali la nne: siku ya kuachana, nani anatoka na nini? Injini ni za nani, deni ni la nani, na mishahara ya wafanyakazi italipwa na nani? Ndoa isiyokuwa na masharti ya talaka huishia kwa kugombania vyombo.

Sasa tuwageukie ninyi wapiganaji na askari. Liwe shirika la umma au kampuni, kuna mambo ambayo hayabadiliki. Njia ya reli ni mali ya taifa. Msumari unaong'olewa katika taruma na kuuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu haumwibii mwekezaji wala waziri. Humwibia mama aliyelala ndani ya behewa la usiku na mwanawe mgongoni. Askari anayemkamata mwizi huyo anaokoa maisha ya watu ambao hatawaona kamwe. Askari anayefumba jicho kwa chai ya shilingi chache anashiriki katika ajali ambayo bado haijatokea.

Vilevile, panapozuka hasira stesheni kwa sababu treni haikuja, askari mwenye elimu ya mambo haya hutambua kwamba anaowakabili si maadui. Ni wafanyakazi waliochoka, wenye watoto wanaowangoja. Wajibu wake ni kulinda mali na kulinda watu kwa pamoja, kuwaeleza kwa upole kilichotokea, na kupeleka taarifa ya kweli kwa wakubwa wake. Mara nyingi taarifa ya koplo aliyekuwepo mahali pa tukio huwa na ukweli kuliko ripoti ya kurasa mia iliyoandikwa na mshauri aliyekaa hotelini.

Kwa kumalizia, suala la nani aendeshe treni za miji yetu litaendelea kuulizwa, maana miji ya Afrika Mashariki inakua kila mwaka, barabara zimeziba, na mitaji ya umma haitoshi kwa kila kitu. Wako watakaokuja na mabegi ya ngozi na makaratasi yenye kung'aa, na baadhi yao watakuwa watu wa kweli wenye ujuzi tunaouhitaji. Tusiwafukuze kwa jazba, wala tusiwakumbatie kwa upofu. Tuwakalishe, tuwape maji, tuwaulize maswali yale manne, na majibu yao tuyatie katika maandishi.

Kenya na Uganda zimelipa ada ya somo hili kwa miaka 11. Sisi tumelipa kwa miaka minne. Ada imekwisha lipwa. Kinachobaki ni mwanafunzi kukumbuka alichofundishwa siku ya mtihani itakapofika.